Binti Mfalme Aliyeolewa Tororo

Baba Paroko, wazee wetu, chifu, mama zetu wa Jumuiya, wafanyakazi wenzake wa forodha, madereva mlioegesha matrela barabarani mkaja na vumbi lenu hivyo hivyo, na nyinyi wa ng'ambo mliovuka daraja la mpakani tangu asubuhi, poleni sana na karibuni nyumbani, tukae, tumsikilize Asekenye. Anayewasomea ni Okwi, mdogo wa marehemu, kitinda mimba wa boma hili, naye amepewa dakika kumi na tano na kamati, akaonywa mbele ya mashahidi asitie chumvi. Kamati ijue mapema kwamba chumvi haimo hata chembe, na kwamba dakika zitapita kumi na tano.

Marehemu Eucabeth Asekenye alizaliwa Jumanne tarehe 13 Aprili 1982, katika zahanati isiyo mbali na hapa, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Okurut, katekista mnayemjua nyote, na marehemu mama yetu Roselida, na waliokuwepo wanasema alikuja macho wazi, akaangalia kila kona ya chumba kama mtu anayehesabu waliofika. Alianza darasa la kwanza Januari 1989 katika shule ya msingi ya hapa Malaba, na kabla hajajua kusoma vizuri alikuwa ameshaijua njia ya kwenda kwa Oluka.

Wasiomjua Oluka, na vijana mko wengi, wasikie: nyuma ya maghala ya mahindi, upande wa reli, kulikuwa na banda la mabati lenye mabenchi sita, televisheni ndogo iliyofungiwa ndani ya sanduku la mbao, na mwanamume mwembamba aliyesimama nyuma na kipaza sauti akitafsiri filamu za ng'ambo, za Kichina, za Kihindi, za lugha ambazo mpaka leo hatujui ni za wapi, akituletea kwa Kiswahili na Kiteso kwa pamoja, huku yeye mwenyewe katika lugha hizo hajui hata neno la kuombea maji. Watoto waliingia kwa kumtekea maji, mtungi mmoja filamu moja, na Asekenye alikuwa bingwa wa mitungi, mama alikuwa akisema shingo ya msichana huyu imerefuka kwa sababu ya sinema. Hapo ndipo alipomwona Ndege wa Shaba.

Ilikuwa Novemba 1991. Katika filamu hiyo msichana anasafiri juu ya ndege mkubwa wa shaba anayekula makaa, na ndege akipiga mabawa unasikia mabati yakipigwa na mvua ya mawe, na pumzi ya ndege huyo, alivyotueleza Oluka, inaponya kila ugonjwa wa kifua. Msichana hakuwa na jina tulilolielewa, basi Oluka akambatiza Binti Mfalme Aguti, mzaliwa wa Chakol, na lile joka la vichwa vitatu lililofunga njia ya mlimani akaliita Mkubwa wa Forodha, na kila kichwa kilipofunua mdomo kilinguruma, "Karatasi iko wapi?" Banda zima lilikuwa linajibu, "Tumesahau nyumbani!" Haki ya Mungu, hakuna mtoto wa Malaba wa miaka ile asiyejua jibu hilo, na ninaona wengine hapo nyuma mnacheka, wazee wazima wenye vitambi.

Sasa tufike kwenye mwisho, kwa maana historia hii yote imekaa juu ya mwisho huo. Joka limemkaba Binti Mfalme, ndege ameanguka, mabenchi yanatetemeka, mara picha ikatikisika, mistari myeupe ikapita kwenye kioo, na Binti Mfalme akaonekana anatoka kanisani na gauni jeupe na shela, ameshikwa mkono na mwanamume anayechechemea, wamama wamevaa magauni ya gomesi, gari limefungwa maua, keki ya ngazi tatu iko juu ya meza, na nyuma ya kanisa, jamani, Mwamba wa Tororo wenyewe, ule ule tunaouona kutoka hapa tulipo tukigeuza shingo. Oluka hakusita hata kidogo. Akasema joka limekufa, Binti Mfalme amevuka daraja letu la Malaba, ameolewa Tororo, na kama sura yake imebadilika ni kwa sababu laana imemtoka. Banda lilipiga vigelegele mpaka vumbi likashuka kutoka kwenye mabati.

Mama yetu wakati huo alikuwa anaumwa kifua. Asekenye alikuwa na miaka tisa, na hesabu yake ilikuwa nyoofu kuliko ya watu wazima: Binti Mfalme anakaa Tororo, Tororo ni pale, ndege yuko na Binti Mfalme, na pumzi ya ndege inaponya kifua. Jumatatu tarehe 9 Desemba 1991, shule zikiwa zimefungwa, alichemsha muhogo, akaufunga kwenye jani la mgomba, akamshika mkono mdogo wake wa miaka sita, yaani huyu anayewasomea, wakapita darajani katikati ya wamama wa soko kana kwamba ni watoto wa mmoja wao, wakashika barabara ya Tororo kwa miguu. Walitembea mpaka alasiri. Muhogo uliisha, mdogo akaanza kulia, dada akambeba mgongoni huku akimsimulia jinsi Binti Mfalme atakavyowapokea kwa soda, na hivyo ndivyo alivyowakuta Otukei, mwendesha baiskeli ya boda boda aliyemjua baba yetu, akawapakia wote wawili kwenye kiti cha nyuma na kuwarudisha Malaba kabla jua halijazama.

Mzee Okurut yupo hapa mbele, na yatakayofuata ameniruhusu kuyasoma, tena ameniamuru. Baba aliogopa sana siku ile, na woga wake ukatoka kwa sura ya hasira, kwa hiyo aliwaita majirani waliokuwa wamesaidia kutafuta, akamsimamisha Asekenye katikati ya boma hili, hapo hapo lilipo jeneza, akamwambia aseme mbele ya wote mara tatu kwamba ni uongo, hakuna ndege, hakuna Binti Mfalme. Asekenye alisema mara tatu, bila kulia, sauti kavu. Mama yetu alifariki tarehe 2 Februari 1992, na tangu mwaka huo hadithi na Asekenye waliachana, kila mmoja akashika njia yake, na hakukanyaga tena banda la Oluka.

Alimaliza shule ya msingi mwaka wa 1996, akajiunga na sekondari ya wasichana kule Chakol kuanzia 1997 hadi 2000, ambako alikuwa wa kwanza katika hesabu na wa mwisho katika insha, na mwalimu wa Kiswahili aliandika kwenye ripoti yake kwamba msichana huyu akiambiwa aandike juu ya safari ya mwezini anaandika kwamba hajawahi kufika. Mwaka wa 2002 alihitimu cheti cha uwakala wa forodha mjini Kisumu, na tarehe 3 Machi 2003 akaajiriwa na kampuni moja ya uwakala hapa Malaba, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na ushei bila fomu yake hata moja kurudishwa.

Madereva, nyinyi ndio mnajua. Nyinyi ndio mlimpa jina la Madam Hakiki. Hakukubali neno "takriban" liandikwe kwenye karatasi yake, na dereva aliyeandika "vitu mchanganyiko" alirudishwa kwenye trela lake kuvihesabu mpaka ufagio wa mwisho, na kuna mzigo wa maharagwe wa magunia mia nne ambao ulisimama nusu siku nzima kwa sababu yeye aliona mia tatu tisini na tisa, mpaka gunia la mia nne likapatikana kwenye kibanda cha dereva, amelifanya mto wa kulalia. Mkubwa wake alisema, boss mpya yeyote akifika hapa asome sheria, asipozielewa amwangalie Asekenye. Lakini katika miaka yote hiyo, akivuka mpaka mara tatu kwa siku kwenda ofisi za upande wa pili, hakupita hata hatua moja kwenda Tororo, hata harusi ya rafiki hakwenda, na aliyemuuliza sababu aliambiwa, "Sina mzigo huko."

Alifunga ndoa takatifu na Bwana Bwire wa Funyula, fundi wa matrela, Jumamosi tarehe 17 Desemba 2005, Bwire akiwa ameshaleta ng'ombe, na bibi harusi akiwa amewahesabu mwenyewe kwa dirisha. Mwenyezi Mungu aliwajalia watoto wawili, Sharlyne, aliyezaliwa tarehe 3 Septemba 2006, na Quinton, aliyezaliwa tarehe 21 Mei 2010. Aliwapenda, na alikagua madaftari yao kila jioni kwa kalamu nyekundu ya kazini. Sharlyne alipokuwa darasa la tatu aliandika insha juu ya fisi aliyeendesha trela, akakwama kwenye foleni ya Malaba, akawala abiria wake wote kwa njaa ya kungoja, na mwalimu alimpa tisa kwa kumi, lakini mama mtu aliisoma mpaka mwisho na chini yake akaandika kwa wino mwekundu: "Haikutokea." Kila hadithi iliyofuata ilipata neno hilo hilo. Sungura aliyefungua duka, haikutokea. Mto uliopanda mlima, haikutokea. Kufika kidato cha kwanza Sharlyne alikuwa haandiki tena kitu, na ndani ya nyumba akawa ni wa ndiyo mama na hapana mama, na Bwire anasema nyumba ilikuwa na amani, lakini ilikuwa amani ya ofisi.

Mnamo Juni 2023 miguu ya marehemu ilianza kuvimba, na tarehe 19 mwezi huo madaktari walimweleza kwamba figo zake zote mbili zimechoka, akaanza kusafishwa damu katika hospitali kule Busia, kila Jumanne na kila Ijumaa, muda wa saa nne kwenye kiti, mirija mkononi, macho kwenye ukuta. Shule zilipofungwa, Sharlyne ndiye aliyemsindikiza. Ijumaa tarehe 1 Desemba 2023, binti, kwa kuchoka kukaa kimya, alifungua kwenye simu filamu aliyoipenda utotoni, ya mbuzi anayetafuta mwezi ulioangukia kisimani, na mama akaitazama kwa pembeni, akasema, "Haiwezi kutokea," akaendelea kutazama, akasema tena, "Mbuzi hawezi kuogelea vile," akaendelea kutazama, na ilipoisha akamwambia binti yake kwa sauti ya chini sana, "Hata mimi nilikuwa na yangu."

Wacha tu! Sharlyne anasema alidhani ni dawa. Mama yake, Madam Hakiki, alimsimulia Ndege wa Shaba kuanzia makaa mpaka keki, kwa sauti ya Oluka, na Mkubwa wa Forodha akanguruma vichwa vitatu katika wodi ya figo, na wagonjwa wa viti vya jirani wakageuza shingo. Kwa saa nzima hakuna aliyeangalia mashine. Siku hizo zilizofuata Sharlyne alitafuta kwenye simu usiku na mchana, akiandika msichana, shaba, ndege, joka, akakosa, akarudia, na Jumanne tarehe 5 Desemba akaingia hospitalini akikimbia: ameipata, filamu ile ile, nzima, yenye maandishi ya tafsiri ya kweli.

Waliitazama pamoja. Kumbe msichana hakuwa binti wa mfalme, alikuwa amebeba majivu ya babu yake kwenda kuyamwaga. Kumbe joka halikuomba karatasi, liliomba msamaha. Kumbe pumzi ya ndege haikuponya mtu, na mwishoni msichana anamwachilia ndege aende zake, anabaki peke yake juu ya mlima, na majina ya waigizaji yanaanza kupita. Asekenye aliketi wima ghafla, mirija ikavutika, akapiga kelele, "Harusi iko wapi?" Nesi Vivianne alikuja mbio akidhani shinikizo la damu limepanda, akauliza harusi ya nani mama, na Asekenye akamwambia, "Ya Binti Mfalme! Wamekata harusi!" halafu akahesabu kichwani, na tunaomjua tunaijua ile sura, ni sura ya gunia moja kukosekana. Harusi haimo katika filamu. Lakini harusi aliiona, kwa macho yake. Basi ile ilikuwa harusi ya nani?

Kutoka siku hiyo, ndugu waombolezaji, mgonjwa aliyekuwa akilala mchana kutwa aliamka. Alitaka kitu kimoja tu kabla hajafa, na alikitaja wazi: amwone yule bibi harusi, ajue alikuwepo. Tulimpata Oluka pale soko la Chakol, mzee sasa, anatengeneza redio, sauti imekatika kwa baridi ya mapafu, na alipoulizwa alishika kichwa. Alisema kaseti ile aliinunua Tororo kwa mke wa mpiga picha wa harusi pamoja na nyingine kumi, akaiweka bila kuijaribu, na watu sitini wakiwa ndani ya banda, joka limemkaba mtu, mara akaona keki. "Ningefanya nini, dada yangu?" alimwambia Asekenye. "Watoto walikuwa wananiangalia. Nikasema tu amevuka daraja." Mpiga picha alikuwa ameishiwa na kaseti tupu siku ya harusi, akarekodi kwenye mkia wa filamu, hakuandika kitu juu ya kaseti, na mke wake akaiuza bila kujua.

Na Oluka, Mungu ambariki mzee huyo, alikuwa hajaitupa. Alichomoa sanduku la bati chini ya kitanda, na mashine yake ya zamani ya kaseti akaifungua, akaisafisha kwa kitambaa na spiriti kwa siku tisa, na Jumamosi tarehe 30 Desemba 2023 tulikaa sebuleni kwa Bwire, mchana kweupe, mapazia yamefungwa, tukaiona. Iko. Mwamba uko. Mchechemeo wa bwana harusi uko. Hapo Asekenye akaomba kalamu yake, akaifanyia kazi ile harusi kama trela lisilo na hati, akasimamisha picha, akaandika namba ya gari, akaandika jina la kanisa lililo juu ya mlango, akasogeza kiti mpaka pua ikagusa kioo, akasoma sukari iliyo juu ya keki: Amuron na Chrispine, 10 Agosti 1991. Akamgeukia Sharlyne akasema, "Huu mzigo una mwenyewe."

Alhamisi tarehe 4 Januari 2024, siku ambayo hakuwa na zamu ya mashine, Asekenye alivuka mpaka kwenda Tororo. Bwire aliendesha, Sharlyne alikaa nyuma na kompyuta tuliyohamishia ile picha kutoka kwenye kaseti, na kando yake alikaa mdogo wa marehemu, yaani mimi, mwenye miaka thelathini na minane, akiwa na muhogo wa kuchemsha kwenye jani la mgomba, kwa sababu dada yake alikataa gari liwashwe bila muhogo. Afisa wa mpakani alimuuliza sababu ya safari. Madam Hakiki, ambaye miaka yote hajaandika uongo kwenye fomu, alifikiri, akasema, "Naenda kumtembelea Binti Mfalme," na afisa, aliyekulia hapa hapa Malaba, akainua macho, akasema polepole, "Karatasi iko wapi?" Gari lote tulijibu kwa pamoja! Akagonga muhuri huku anafuta machozi ya kicheko.

Kanisani walifungua daftari la ndoa, na daftari likatupeleka kwenye nyumba yenye cherehani barazani, ambapo mama wa makamo alikuwa anashona gomesi. Asekenye alisimama mlangoni akiwa amejishika kwenye ukuta, miguu imevimba, akamwangalia, akasema tu, "Ni wewe." Mama Amuron alitujibu kwa upole wa watu wa kule, karibuni nyabo, yaani mama, ni mimi nani? Tulimweleza. Akatuambia kwamba mume wake Chrispine alikufa ajalini mwaka wa 1998, kwamba mpiga picha aliwaambia kaseti iliharibika, na kwamba kwa miaka ishirini na sita hajawahi kumwona akitembea, ana picha yake moja tu, ya kitambulisho, na pale ameketi. Sharlyne akafungua kompyuta juu ya meza ya cherehani. Bwana harusi akatoka kanisani akichechemea, akacheka kitu alichoambiwa na mtu asiyeonekana, na Mama Amuron akaweka viganja vyote viwili kwenye kioo, akasema, "Anacheka. Nilikuwa nimesahau anacheka vipi." Tulilia wote, Bwire naye alilia, asijidai hapa. Kisha yule mama akatugeukia kwa mshangao, akauliza, "Kwa hiyo ni nyinyi mlikuwa na harusi yangu?" Asekenye akamwambia, "Ni sisi. Tuliitunza. Watoto wote wa Malaba walikuwa wageni wako."

Katika njia ya kurudi marehemu alisema maneno ambayo Sharlyne aliyaandika siku ile ile, nami nayasoma kama yalivyo: alisema kwamba maisha yake yote aliamini Oluka alimdanganya na baba alimsahihisha, na leo ameona kwamba kama asingedanganywa, asingekumbuka, na kama asingekumbuka, mama huyu asingemwona mume wake tena. Walipofika darajani akamwomba binti yake amsomee ile hadithi ya fisi. Sharlyne akasema aliichoma. Mama akasema, "Basi niandikie tena. Na safari hii asiwale wote, amwache mmoja asimulie."

Siku yake ya kuzaliwa, Jumamosi tarehe 13 Aprili 2024, akitimiza miaka arobaini na miwili, filamu ile ya kaseti ilionyeshwa katika ukumbi wa kanisa, saa nane mchana, na watoto wa Malaba walijaa mpaka madirishani, kila mmoja na kikombe cha maji cha kiingilio, ndoo zikafurika. Oluka alitafsiri. Mama Amuron alikaa mbele na gomesi ya rangi ya shaba aliyoishona kwa siku hiyo. Mzee Okurut alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kofia magotini. Joka lilipomkaba Binti Mfalme, sauti ya Oluka ikakatika, kikohozi kikambana, watoto wakaanza kugeuka, mistari myeupe ikapita, na Asekenye akainuka, akatembea taratibu kwa miguu ile, akachukua kipaza sauti. Kwa miaka thelathini na miwili hakuwa amesimulia kitu mbele ya watu. Akasema, "Na sasa joka limekufa, na Binti Mfalme amevuka daraja letu," akaendelea, akaitaja gomesi moja moja, akampa bwana harusi mguu uliovunjika akipigana na joka, akaifanya keki iwe mlima waliouhamisha, na alipofika mwisho akasema Binti Mfalme huyo bado yuko hai, tena yuko ndani ya ukumbi huu, na Mama Amuron akasimama. Hizo kelele za watoto, walio soko la upande wa pili wanasema walizisikia. Na katikati ya kelele baba yetu alikuja mbele, mzee wa miaka yake, akamshika binti yake mkono, akasema kwa Kiteso, wote tukasikia, "Mwanangu, kumbe hukudanganya."

Marehemu aliendelea na mashine zake, akirudi kila Jumanne na Ijumaa na hadithi mpya ya wodi nzima, mpaka Februari mwaka huu moyo ulipoanza kushindwa. Tarehe 20 Februari Sharlyne, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne, alimpelekea kitandani karatasi hizi ninazozisoma, aliziandika yeye mpaka siku ya filamu, yaliyofuata nimeyaongeza mimi, akamwambia mama, kagua. Marehemu aliaga dunia Jumatano tarehe 12 Machi 2025, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Bwire. Ameacha mume, watoto wawili, baba mzazi, na ndugu wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo kule Busia, hasa Nesi Vivianne, aliyejifunza kunguruma kwa vichwa vitatu, majirani waliopika na kuchota maji wiki nzima, Jumuiya kwa sala, wafanyakazi wenzake wa forodha wa pande zote mbili, madereva, na Mzee Oluka, ambaye hatuna neno la kumtosha.

Nina mambo mawili yaliyobaki, kamati inivumilie. La kwanza ni ombi la baba. Tarehe 9 Desemba 1991, hapa hapa, mbele ya majirani, alimfanya mtoto aseme mara tatu kwamba hakuna Binti Mfalme, na leo, mbele ya majirani na mbele ya jeneza lake, anaomba jambo hilo lirekebishwe. Mama Amuron, tunakuomba usimame. Asante. Mmemwona? Huyo hapo.

La pili ni karatasi yenyewe. Kamati ilitaka sehemu ya Tororo iondolewe, wakisema haiaminiki, ni ya kubuni. Mimi ninayo mkononi. Marehemu alisahihisha tarehe tatu na idadi ya magunia, na chini kabisa ya ukurasa wa mwisho, pale alipokuwa akiwaandikia watoto wake lile neno, ameandika kwa kalamu yake nyekundu, herufi zimepinda lakini zinasomeka: "Ilitokea."

Pumzika kwa amani, dada. Muhogo niliufunga asubuhi, umo ndani pamoja nawe.